Barua za Alexander Mackay wa Usambiro

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu ambao starehe yao ni kukusanya barua zilizoandikwa kwa mkono na waandishi mashuhuri, pamoja na picha zao zenye sahihi. Vitabu vya waandishi hao haviwatoshi, kwa maana kitabu kilichopigwa chapa kila mtu aweza kukinunua. Wao wanataka karatasi ile ile iliyolaliwa na mkono wa mwandishi, yenye madoa ya wino wake. Barua ya Daktari Livingstone au ya Henry Stanley hununuliwa mnadani kwa fedha ambazo kwetu zingetosha kuezeka kanisa. Stanley aliporudi London mwaka 1872, baada ya kumwona Livingstone kule Ujiji, alipigwa picha akiwa na mavazi ya safari, na kando yake yule kijana wake Kalulu. Picha zile ziliuzwa nyingi, lakini iliyotiwa sahihi yake ndiyo inayogombewa.

Sasa, wapendwa wasomaji, kati ya barua za Stanley zimo chache zinazotuhusu sisi wa pande hizi. Mwaka 1889, alipokuwa akirudi kutoka bara pamoja na Emin Pasha, aliandika barua ndefu kwenda Uingereza kueleza habari za safari yake, na juu ya barua hizo aliandika kwamba zimetoka katika kituo cha C.M.S., ncha ya kusini ya Ziwa Victoria Nyanza. Kituo hicho kilikuwa Usambiro, nchi ambayo baadaye ilijulikana kama utemi wa Busambiro katika wilaya ya Geita ya zamani. Ni mwendo wa kawaida kwa mtu atokaye Shinyanga au Kahama kwenda Geita kutafuta kazi ya dhahabu. Stanley alikuwa mgeni pale kwa majuma matatu hivi. Mwenyeji wake alikuwa Alexander Mackay, na huyo ndiye tunayetaka kumweleza, kwa sababu habari zake zote tunazo kwa njia ya barua.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Uskoti ya kaskazini. Baba yake alikuwa mchungaji wa Free Church, tena mwandishi wa vitabu vya jiografia vilivyosomwa sana mashuleni siku zile. Mtoto alifundishwa nyumbani na baba yake huyo, na ramani zilikuwa kama vitu vya kuchezea kwake. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye mashine. Badala ya kufuata uchungaji kama wazee walivyotumaini, alikwenda Edinburgh kujifunza ualimu na kisha uhandisi, na mwaka 1873 akahamia Berlin kufanya kazi katika kiwanda. Huko Ujerumani alianza desturi ambayo hakuiacha mpaka kufa: jioni, kazi ikiisha, anakaa kitako na kuwaandikia wa nyumbani, hasa baba yake na dada yake.

Kilichomleta Afrika ilikuwa barua pia. Mwezi wa Novemba 1875 gazeti moja la London lilitoa barua ya Stanley, aliyoiandika akiwa kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, akiwaita Wakristo wa Uingereza wapeleke walimu. Hakutaka watu wa maneno matupu, alitaka watu wajuao pia kazi za mikono. Mackay aliisoma habari hiyo, akajitoa kwa C.M.S., akakubaliwa. Mwezi wa Aprili 1876 wenzi wanane walikutana na Kamati kuagana. Mackay, aliyekuwa mdogo kuliko wote kwa umri, alisimama wa mwisho, akawaambia wazee wale kwamba yamkini katika miezi sita watasikia mmoja wao amekufa. Basi wasikate tamaa, wamtume mwingine mara moja kushika nafasi yake. Wazee wakanyamaza. Na kweli, kabla ya mwaka ule kwisha mmoja wa wale wanane alikwisha zikwa pwani.

Mwaka 1877 Mackay alikata njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, maili 230 hivi, akipita msitu, mito na tope nyeusi. Wengine walimtangulia mpaka ziwani. Desemba mwaka huo Luteni Shergold Smith na Bwana O'Neill waliuawa Ukerewe, na Mackay aliposikia alifanya haraka kuja. Juni 1878 alifika Kagei, upande huu wa kusini wa ziwa, akaikuta mashua ya misheni, iliyoitwa Daisy, imepasuka na kuliwa na wadudu na jua. Akachukua vipande vya mashua, akaviunga upya, na Novemba akafika Buganda.

Miaka yake ya Buganda inajulikana na wengi, nasi hatutaikalia sana. Alikuwa mhunzi, seremala, daktari wa lazima, mchimba kisima, na zaidi ya yote mpiga chapa. Alichonga herufi kwa mkono ili watu wapate karatasi za kujifunzia kusoma, akatafsiri sehemu za Injili ya Mathayo katika Kiganda na kuzipiga chapa. Kabaka alimtumia mara kwa mara kama mwandishi wa barua za ikulu. Alibishana pia, mbele ya Mutesa mwenyewe, na Padre Lourdel wa Mapadre Weupe, na katika barua zake kuna maneno makali juu ya Wakatoliki na juu ya Waarabu. Hatuoni sababu ya kuyaficha. Mtu mwenye haraka na kazi ya Mungu si kila mara ana subira na jirani yake, na leo, tunapokaa katika kamati moja na ndugu zetu Wakatoliki, tunayasoma maneno yale kwa namna nyingine kuliko yalivyoandikwa.

Mutesa alikufa mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga. Mwishoni mwa Januari 1885 Mackay na Bwana Ashe walikuwa wakishuka ziwani na vijana wao kwa safari ya kuja upande wetu wa kusini, ndipo askari wa Kabaka walipowazuia njiani na kuwakamata vijana. Tarehe 31 Januari watatu kati yao, Marko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuhu Serwanga, walichomwa moto. Oktoba mwaka huo huo Askofu James Hannington aliuawa Busoga. Wakati Wakristo wa Buganda walipokuwa wakisakwa nyumba hata nyumba, Mackay na wenzake walifanya kazi ambayo sisi tunaihesabu kuwa kubwa kuliko mashua na barabara: walitunga barua moja fupi ya kuwatia moyo, wakaipiga chapa kwa Kiganda, ikapita kwa siri mkono kwa mkono. Walioipokea walijua kwamba kukutwa nayo ni hatari. Wakaitunza.

Agosti 1886 Ashe aliondoka, na Mackay akakaa peke yake karibu mwaka mzima, mpaka Julai 1887 Mwanga alipokubali maneno ya waliotaka aondoke. Akapanda mashua, akavuka ziwa, akaja kwetu.

Kabla yake C.M.S. ilikuwa na kituo Msalala, katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Shinyanga, kwa ajili ya kupitisha mizigo na barua za kwenda Buganda. Hannington mwenyewe alipita Msalala mwaka 1882, akiwa mgonjwa wa kubebwa, kabla hajawa Askofu. Mackay alichagua mahali papya, kwa Mtemi Makolo wa Usambiro, karibu zaidi na maji. Akajenga nyumba ya udongo yenye kuta nene, karakana, zizi, na banda la mashine ya chapa.

Tufikiri kidogo jinsi barua ilivyosafiri siku zile. Mackay akimaliza kuandika, karatasi zilifungwa katika kitambaa cha kuzuia mvua, wakapewa matarishi. Walipita Msalala, Uyui karibu na Tabora, Ugogo, Mpwapwa, wakashuka Saadani, na kutoka hapo kwa mashua mpaka Unguja. Kutoka Unguja meli. Kama njia ina vita au hongo kubwa, mfuko ulilala mahali pamoja miezi. Mtu wa Rhynie aliweza kusoma habari za homa ambayo mwenye homa alikwisha pona zamani, au alikwisha kufa. Na walioibeba walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, babu zetu, waliokwenda kwa miguu na mkuki mkononi. Majina yao hayakuandikwa juu ya bahasha. Hakuna mkusanyaji atafutaye sahihi zao, wala wengi wao hawakuwa na sahihi, lakini bila miguu yao hakuna hata moja ya barua hizi ambayo ingekuwako.

Mwaka 1888 ulianza kwa furaha Usambiro, maana Askofu Henry Parker, aliyeshika nafasi ya Hannington, alikuwa amefika pamoja na wenzake. Furaha haikudumu. Mwezi wa Machi, katika muda wa majuma mawili, walikufa Bwana Blackburn na kisha Askofu mwenyewe, tarehe 26. Dayosisi ile ilikuwa imezika maaskofu wawili katika miaka mitatu. Wengine wakatawanyika vituoni au wakarudi Uingereza, Mackay akabaki.

Kutoka Buganda barua zilizidi kumjia. Wakristo aliowafundisha kusoma sasa waliandika wenyewe, kwa mkono wao, wakimwomba karatasi, vitabu na shauri. Mwaka 1889 ikaja barua ya mtu ambaye hakuna aliyemtazamia. Mwanga alikuwa amepinduliwa na kukimbilia kusini ya ziwa, kwanza Magu na halafu kwa Mapadre wa Bukumbi. Yule aliyewachoma vijana wa Mackay, aliyemfukuza yeye mwenyewe, sasa alimwandikia kwa unyenyekevu akimwomba msaada na kumsihi asiyakumbuke ya zamani. Mackay angeweza kuichana. Hakuichana, aliijibu, wala hakumfungia mlango, ingawa hakuwa tayari kumpa bunduki. Barua ya Mwanga ilipelekwa Uingereza pamoja na nyingine, na ndiyo sababu habari zake tunazijua.

Tarehe 28 Agosti 1889 msafara wa Stanley ukatokea, watu mamia, Wamisri, Wasudani, Wazanzibari, wanawake na watoto, wengi wamechoka hata kufa. Stanley aliandika baadaye katika kitabu chake alivyoingia katika chumba cha Mackay na kukuta rafu za vitabu ukutani na picha za misheni, na kule nje karakana yenye kerezo, mivukuto na bomba la mvuke alilokuwa akiliunda kwa ajili ya mashua. Alimsifu kuwa mmisionari bora tangu Livingstone. Sisi tunaona sifa hiyo ina upande wake mwingine: Stanley alipenda watu wa vyuma na mashine, na hakukaa siku za kutosha kuona Mackay akiwafundisha watoto kusoma asubuhi, na usiku akitafsiri Injili ya Yohana katika Kiganda kwa taa.

Stanley alimshauri aondoke naye, apumzike. Miaka 13 alikuwa hajaiona Uskoti. Mackay akakataa. Msafara ulipoondoka tarehe 17 Septemba aliwasindikiza kidogo, na mmoja wa watu wa msafara alikumbuka siku zote jinsi walivyogeuka nyuma wakamwona amesimama peke yake juu ya kilima akiwapungia mkono.

Kamati ya London nayo ilimwandikia arudi nyumbani kwa likizo. Alijibu tarehe 2 Januari 1890. Jibu lake, kwa maneno yetu, ni kwamba wakati wafanya kazi wamepungua namna hii si wakati wa mtu kuacha zamu yake. Wapeleke kwanza watu ishirini, hapo huenda akashawishika kurudi ili awasaidie kutafuta ishirini wengine. Matarishi wakachukua mfuko. Mwanzoni mwa Februari alishikwa na homa kali. Bwana Deekes, aliyekuwa naye, alikuwa mgonjwa pia na alikuwa akijiandaa kurudi kwao. Ndiye aliyemwuguza na ndiye aliyemzika. Mackay alifariki tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40, siku 37 baada ya kuandika barua ile, nayo ilikuwa bado haijafika Uingereza. Walipoisoma, mwandishi wake alikuwa tayari kaburini.

Sasa tuje kwa mtu ambaye jina lake halikuwekwa katika kitabu. Dada yake Mackay alikuwa ametunza kila karatasi iliyotoka kwake, tangu zile za Berlin. Habari ya kifo ilipofika alikusanya barua zake, za baba yao, za rafiki, na madaftari ya kumbukumbu, akazipanga kwa tarehe, na kabla ya mwaka 1890 kwisha kitabu kilitoka London. Juu ya jalada aliandika tu kwamba kimetungwa na dada yake. Huyu naye alikuwa mkusanyaji wa barua za mtu mashuhuri, lakini hakuzikusanya kwa kuwa mtu ni mashuhuri. Alianza kuzikusanya wakati kaka yake ni fundi tu asiyejulikana na mtu, na tunadhani hiyo ndiyo tofauti kati yake na wale wa mnadani. Bila shaka dada mwenye upendo huchagua. Yako mambo ambayo hakuyapiga chapa. Barua ambazo Mackay aliiandikia Kamati zimehifadhiwa pamoja na karatasi nyingine za C.M.S. katika Chuo Kikuu cha Birmingham, na atakaye kulinganisha anaweza kwenda kuzisoma.

Tunaandika haya tukiwa na jambo moja moyoni. Geita dhahabu iligunduliwa wakati wa Wajerumani. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mwaka 2000 ukafunguliwa mkubwa zaidi. Watu wetu huchekecha lori zima la udongo kwa ajili ya chembe isiyojaza ukucha. Lakini katika nyumba hizo hizo, akifa mzee aliyekuwa mwalimu wa dini au mwinjilisti, sanduku lake la barua hutolewa uani siku ya kuanua matanga, likachomwa pamoja na godoro. Au hubaki chini ya kitanda mpaka mchwa wamalize. Humo yamo majina ya waliobatizwa kwanza, habari ya nani alitoa kiwanja cha kanisa, na nani aligombana na nani na kupatanishwa na nani. Wako katika mitaa yetu wajane wanaozo karatasi kama hizo. Tunawaomba wasizichome. Wazilete kwa katekista au kwa kasisi wao, zinakiliwe mbele yao, kisha warudishiwe, maana ni mali yao. Na ambaye hataki zisomwe na watu, azifunge vizuri katika mfuko wa nailoni, aziweke juu mbali na mchwa, na aandike nje ni za nani na za mwaka gani.

Kituo cha Usambiro hakikudumu. Mwishoni mwa mwaka 1890 Askofu Alfred Tucker alipita pale akienda Buganda, na muda si mrefu kazi ya upande wa kusini ikahamia Nasa, ambayo nayo C.M.S. iliwakabidhi ndugu wa Africa Inland Mission mwaka 1909. Ndiyo maana Waanglikana wa Usukuma tulikuwa wachache miaka mingi, na wengi hawajui kwamba Kanisa lao liliwahi kuzika Askofu katika nchi hii. Mwaka 1927 mifupa ya Mackay ilifukuliwa, ikavushwa ziwa, ikazikwa upya penye Kanisa Kuu la Namirembe, Kampala. Barua zake zimo katika masanduku kule Birmingham, na jina la Usambiro liko juu ya karatasi, pamoja na tarehe, kwa mwandiko wake.